Mwambieni Mgonjwa Wenu Ukweli, Ndo Mtaweza Kumsemea

(Haya niliyazungumza Dar es Salaam kwenye kikao cha ndugu wanaouguza wagonjwa wa saratani. Baadhi ya waliokuwepo waliomba niyaweke kwenye maandishi, nimeyaandika hivyohivyo nilivyoyasema, nimeongeza kidogo pale ambapo muda ulibana.)

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, mashemeji mliokuja hapa moja kwa moja kutoka wodini bila hata kupita nyumbani kuoga, poleni sana, na asanteni kwa kuja.

Naomba nianze na jambo ambalo wengi hatupendi kulisema kwa sauti. Humu ndani kuna watu ambao mgonjwa wao mpaka leo hajui anaumwa nini. Ameambiwa ana uvimbe kidogo, ameambiwa ni infeksheni, ameambiwa ni vidonda vya tumbo, faili lake analishika mtoto wa kwanza, anatangulia yeye kuingia kwa daktari halafu anamwambia dokta tafadhali usimwambie mama, presha yake iko juu, tutampoteza. Na daktari naye, foleni iko mpaka nje, anakubali. Naelewa kabisa kwamba hiyo ni mapenzi, hakuna anayeficha kwa ubaya. Lakini nimekuja hapa kuwaambia kitu kimoja tu na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo: huwezi kumsemea mtu uliyemficha. Utasema nini mbele ya daktari ikiwa kila neno lazima ulimung'unye kwa sababu mwenye mwili amekaa pembeni yako na hatakiwi kuelewa?

Mimi nilimuuguza dada yangu mkubwa, saratani ya mlango wa kizazi. Majibu ya kinyama (kile kipande kidogo cha mwili kinachokatwa kwenda kupimwa maabara) yalipotoka, baba mkubwa akaitisha kikao nyumbani, wakakaa wazee, wakaja na mashemeji, ikaonekana ni vizuri dada asiambiwe. Nilisimama nikaomba kwa heshima zote, nikasema wazee wangu, huyu mtu anakwenda kulazwa kwenye mashine kila siku kwa wiki kadhaa, atatapika, ataharisha, ngozi itabadilika, wodini atakuwa na wenzake ambao wanaongea, na mlango wa jengo lenyewe umeandikwa saratani. Mnataka ajue kutoka kwa nani? Basi baba mkubwa akanyamaza muda mrefu halafu akasema haya, akaambiwe na daktari, wewe uwepo. Akaambiwa. Dada hakuongea na mtu siku ile yote. Kitu cha kwanza alichouliza baadaye kilikuwa kuhusu binti yake, kama ameshachanjwa shuleni ile chanjo ya HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani hiyo (tunayo nchi nzima tangu 2018, siku hizi ni sindano moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, wenye mabinti msikae nayo mbali). Yaani mtu amebeba taarifa nzito hivyo na akili yake imekwenda kwa mtoto. Huyo ndo tulitaka kumfanya asiyeweza kuhimili ukweli.

Na tangu siku ile kazi yangu ikawa rahisi, sio rahisi kwa maana ya kutochoka, hapana, nilichoka sana, ila rahisi kwa maana tulikuwa wawili. Ngoja niwaeleze kwa nini, kwa sababu matibabu ya saratani yanahitaji mgonjwa mwenyewe ajue.

Chukua ugonjwa wa dada. Hii ndo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi tunafika imeshasogea, upasuaji hauwezekani tena. Kwa hatua hizo matibabu ya kawaida ni mionzi ya nje, Jumatatu mpaka Ijumaa, kama wiki tano, na katikati kila wiki anawekewa dripu ya sisiplatini, dawa ya saratani, ili mionzi ifanye kazi vizuri zaidi, halafu mwishoni mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake kinaingizwa mwilini karibu na ugonjwa, mara kadhaa. Sasa kuna kitu ambacho ndugu wengi hawaambiwi na mimi nilikijua kwa kuuliza: hayo yote kwa pamoja inatakiwa yaishe ndani ya wiki nane. Ukizidisha, uwezo wa tiba unapungua. Siku zikikatika katikati, wiki moja kwa sababu hela imeisha, wiki nyingine kwa sababu damu imeshuka, wiki nyingine mmerudi mkoani kwenye msiba, ule ugonjwa unapata nafasi ya kuota upya, na mionzi iliyobaki haiwezi kufidia.

Mgonjwa ambaye hajui anaumwa nini akiona anaharisha wiki ya tatu atasema naombeni nipumzike kidogo nitaendelea mwezi ujao. Na yuko sahihi kwa anachokijua, kwa nini ateseke kwa ajili ya infeksheni? Dada yangu alikuwa anajua. Kuna siku hata kusimama alikuwa hawezi, akaniambia nishike tuende, wiki nane hizi zisinipite. Mimi nisingeweza kumburuza mtu mzima kwa uongo.

Halafu kuna kuahirishwa kunakosababishwa na vitu vidogo ambavyo mtu wa pembeni anaweza kuviwahi. Kabla ya kila dripu lazima damu ipimwe, wingi wa damu na zile chembe nyeupe, na figo pia kwa sababu sisiplatini inaumiza figo. Ukipeleka damu asubuhi ile ile ya dripu, majibu yakichelewa siku imekwenda. Muulize sista siku gani nzuri ya kupima, kapime mapema, majibu uwe nayo mkononi. Kama damu iko chini daktari atataka aongezewe kwanza, na damu haiuzwi jamani, mtu akikwambia lete hela nikupatie chupa jua unaibiwa, damu inachangiwa. Kwa hiyo usisubiri siku hiyo ndo uanze kupiga simu, andaa ndugu wanne watano mapema, wale vizuri, wakachangie. Na maji anywe, figo zinahitaji maji, labda kama daktari amesema vingine kwa sababu ya moyo au kuvimba. Akisema masikio yanavuma, usimwambie ni uchovu, kamwambie daktari, ile dawa inaweza kugusa masikio na dozi inaweza kuangaliwa upya.

Homa. Hapa naomba mnisikilize vizuri hata wale ambao mgonjwa wenu ni wa titi, wa damu, wa utumbo, yeyote anayewekewa dripu za saratani. Nunua kipimajoto, ni hela ndogo. Ikifika nyuzi 38 au zaidi, hata kama anaongea vizuri, hata kama ni saa nane usiku, hiyo ni dharura, ni kwenda hospitali. Sio kusubiri asubuhi, sio kumpa panado halafu mnalala, sio kununua dawa ya malaria duka la jirani. Dripu inashusha chembe nyeupe, mara nyingi wiki ya kwanza kuelekea ya pili ndo zinakuwa chini kabisa, na kijidudu kidogo tu kinaweza kumuua ndani ya siku moja. Na mkifika mapokezi mtu wa zamu ambaye hamjui anaweza kuona ni homa kama homa nyingine, akawaweka kwenye foleni. Hapo ndo unasimama na kusema kwa sauti ya kawaida: huyu ni mgonjwa wa saratani, dripu ya mwisho aliwekewa tarehe fulani, ana homa, tunaomba aonwe sasa hivi. Rudia sentensi hiyo mpaka mtu aisikie. Sisi tuliwahi kukalishwa kwenye benchi, hospitali siitaji, nikairudia mara kadhaa kwa watu tofauti, sikutukana mtu, mpaka daktari mmoja kijana akageuka akauliza umesema dripu lini? Kuanzia hapo mambo yakaenda haraka. Lakini angalia, hata dada mwenyewe aliijua ile sentensi. Ningekuwa sipo angeisema yeye. Mgonjwa aliyefichwa hawezi.

Vilevile dripu ikiwa inaingia akasema mkono unachoma au unaona pameanza kuvimba, usingoje chupa iishe, ita sista hapohapo, kuna dawa zikitoka nje ya mshipa zinaunguza nyama vibaya. Hii ndo maana halisi ya kukaa pembeni ya mgonjwa, hatukai pale kuchati.

Daftari. Kila mtu hapa awe na daftari moja, la shule tu linatosha. Tarehe, dawa gani, uzito siku hiyo (dozi nyingi zinapigwa kwa uzito na urefu, mtu amepungua kilo nane halafu wanatumia uzito wa mwezi wa kwanza, wewe ndo utakayesema), majibu ya vipimo, jina la daktari aliyewaona, alichosema kwa maneno yake. Majibu ya kinyama omba kopi, piga na picha kwenye simu. Na kinyama chenyewe kifuatilieni, kuna sehemu ndugu ndo wanaokipeleka maabara, kinawekwa kwenye dawa ya kuhifadhi, usikiweke kwenye maji, usikiache kwenye begi wiki nzima, na uliza namba ya maabara ili mkifuatilia mtajwe kwa namba. Wenye mgonjwa wa titi, ulizeni kuhusu vipimo vya homoni na HER2 (aina ya protini kwenye seli za saratani), kwa sababu matibabu yanategemea hivyo, kuna mtu anamaliza dripu zote kumbe alitakiwa aendelee na vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka mitano na hakuna aliyemwambia.

Mkiingia kwa daktari, maswali yawe yameandikwa, na muandike usiku uliotangulia mkiwa wote, wewe na mgonjwa. Muulize yeye kwanza, unataka kujua nini kesho? Mimi nilikuwa na maswali yangu ya kitaalamu ya kujionyesha nimesoma, dada swali lake lilikuwa moja: je, nitaweza kukaa na mume wangu kama zamani? Na lile swali lilikuwa kubwa kuliko yangu yote, kwa sababu mionzi ya sehemu ile inakausha na inaweza kubana njia, kuna mafuta na kuna vifaa vya kutanulia wanaelekezwa kutumia baadaye, na wanawake wengi wanatoka hospitali bila kusikia habari hiyo kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuliza. Shemeji zangu mlioko hapa, hilo ni la kwenu pia. Msimkimbie. Nimeona wanaume wakipotea mke akiwa wiki ya pili ya mionzi, na nimemuona mwanaume mmoja analala kwenye korido kwenye kanga ya mke wake wiki zote zile. Huyo wa pili hakuwa na hela kuliko wale wengine.

Kumsemea sio kumzibia mdomo. Daktari akiuliza unajisikiaje mama, nyamaza. Acha ajibu. Ukiona amesahau ile damu ya juzi, mkumbushe, mwambie dada, ile ya juzi usiku nayo. Mtu akiumwa anageuzwa mtoto haraka sana, wanaongea juu ya kichwa chake, kwenye zile fomu za ridhaa anaambiwa tu weka dole gumba hapa. Fomu isomwe, kwa Kiswahili, na kama Kiswahili hakimtoshi basi kwa Kisukuma, kwa Kinyakyusa, kwa Kimakonde, lugha anayoielewa vizuri, na aweke sahihi mwenyewe.

Niseme kuhusu ndugu, maana mara nyingine hospitali sio shida, shida iko nyumbani. Utakuta mgonjwa ametengewa kikombe na sahani. Saratani haiambukizi kwa sahani, wala kwa kulala naye, wala kwa kumuogesha. Mionzi ya nje haibaki mwilini, akitoka kwenye mashine anaweza kumpakata mjukuu wake palepale, na ile ya ndani kwa zile mashine zinazotumika zaidi siku hizi kile chanzo cha mionzi kinarudi ndani ya mashine, yeye haendi nacho nyumbani. Utasikia pia ukipelekwa Ocean Road, ile hospitali ya saratani hapa Dar, ndo umekwisha. Ndugu zangu, wengi wanaofia pale walifika wakiwa wamechelewa, wamezungushwa, wametibiwa UTI mwaka mzima. Msiwakatishe watu tamaa na barabara ya kwenda kupona. Na sio lazima kila mtu aje Dar, Bugando kule Mwanza wanatibu saratani, KCMC Moshi nako dripu zinatolewa, ulizeni hospitali yenu ya rufaa kipi kinapatikana karibu kabla hamjauza ng'ombe kwa ajili ya nauli na chumba cha gesti.

Mizizi, majani ya mstafeli, maji ya baraka, unga wa kuchanganya na asali, vyote vitaletwa, na vitaletwa na watu wanaompenda. Sisi tulikubaliana hivi: hakuna kitu kinaingia mdomoni kabla hatujamwonyesha daktari, kwa sababu ini na figo ndo hizohizo zinazobeba dripu. Maombi tuliomba, tunaomba mpaka leo. Ila kiongozi wa dini yeyote anayemwambia mgonjwa aache matibabu ili aonyeshe imani, huyo simnyamazii, na naomba na nyie msimnyamazie hata kama ni mtu mkubwa.

Hela. Msione aibu. Kama mna bima, kabla ya kuanza ulizeni kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi, msijue kwenye dirisha la malipo. Kama hamna, hospitali za serikali zina ofisa ustawi wa jamii, nendeni mapema na barua ya serikali ya mtaa au ya mtendaji wa kijiji, waeleze hali halisi, msamaha upo kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Kuna watu wanaondoka kimyakimya wakiwa wamefika nusu ya matibabu na hawajawahi kugonga mlango ule.

Maumivu. Baba yetu mdogo yeye alikuwa na saratani ya koo la chakula, na ilikuwa haiponi tena, tulijua na yeye alijua. Alikuwa anaumwa mpaka anauma shuka. Ndugu wakawa wanaogopa mofini, wanasema hiyo ndo sindano ya kumalizia. Sio kweli. Mofini ya maji ya kunywa ni dawa ya maumivu makali, inapewa kwa saa, kila baada ya saa nne, haisubiri maumivu yarudi, na dozi inaanza ndogo inapandishwa kwa uangalizi. Inafunga choo, kwa hiyo lazima iende na dawa ya kulainisha choo, msipopewa ombeni. Wenzetu Uganda wamekuwa na huduma hii tangu 1993, daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, wakawa wanaichanganya wenyewe, na tangu 2004 sheria yao inaruhusu hata manesi waliosomea waiandike. Baba mdogo alipoanza kuinywa alilala. Akaamka akaitisha redio, akataka kusikia mpira. Akaongea na kila mtoto wake peke yake, akagawa mashamba, akasema azikwe wapi. Angefichwa, angekufa hajayasema hayo, na ukoo mzima ungekuwa mahakamani sasa hivi.

Na kuna ile harufu, ya vidonda vya titi au ya huku chini, inayomfanya mgonjwa asitake mtu aingie chumbani. Ina msaada. Vidonge vya metronidazo vinasagwa vinanyunyiziwa juu ya kidonda, muulizeni sista wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa) awaonyeshe. Mgonjwa hatakiwi kukaa peke yake kwa sababu ya harufu.

Sasa wale ambao bado hamjamwambia mgonjwa wenu, najua mnawaza tutaanzaje baada ya miezi yote hii. Msiende kummwagia yote kwa mkupuo. Kaeni naye mahali pa faragha, mtu mmoja au wawili anaowaamini, simu zizimwe, na muanze kwa kuuliza: mama, wewe unaonaje huu ugonjwa wako, unadhani ni nini? Mtashangaa wangapi watajibu, mimi najua, nilikuwa nawaonea nyie huruma. Kama hajui, muulize angependa aambiwe kila kitu au kidogo kidogo. Akitaka kujua, ombeni daktari au sista wa tiba shufaa amweleze nanyi mkiwepo, kwa maneno mepesi, ugonjwa gani, uko wapi, tiba yake ni nini, lengo ni kupona au ni kupunguza mateso. Asiahidiwe uponyaji ambao haupo. Mwacheni alie, msimwambie jikaze.

Na wapo watakaosema hapana, sitaki kujua, ongeeni na mwanangu fulani. Hiyo ni haki yake pia, ameamua mwenyewe, ni tofauti kabisa na sisi kumwamulia. Basi muulizeni ni nani hasa anataka amsemee, na msishangae akimtaja binti mdogo badala ya kaka mkubwa. Jina la huyo mtu na namba yake ya simu viandikwe kwenye faili, na ndugu wengine wote wajulishwe siku hiyohiyo ili asitokee mtu wa kumpinga mbele ya daktari.